Nahodha Msaidizi Ndani ya Moshi

Wapendwa, najua jua limeshapanda, na wengine mmeacha maharage jikoni. Nivumilieni. Kuna mwanamke nataka mkutane naye.

Alikuwa nahodha msaidizi kwenye boti ya kifahari, zile nyeupe zinazowazungusha wageni matajiri visiwani. Kazi aliijua. Kuiegesha boti gatini upepo ukiwa mkali, kusoma ramani, kuwatuliza wageni bahari ikichafuka, yote aliyaweza. Kilichobaki ni cheti cha unahodha kamili. Mwenye boti alikuwa amemwambia bila kuzunguka: "Nahodha wangu anastaafu. Rudi na cheti, nafasi ni yako. Ukichelewa, namchukua mwingine."

Mnadhani alipata usingizi? Alikwenda chuo cha ubaharia roho juu. Darasani mguu haukutulia chini ya meza. Mwalimu akieleza jambo, yeye ameshafungua ukurasa wa mbele. Simu ikilia, moyo unaruka: hapo nafasi yangu imeshakwenda!

Ikafika siku ya jaribio la moto. Chuoni pale kuna jengo la chuma, limegawanywa vyumba vyumba kama ndani ya meli. Wanalijaza moshi mpaka huoni kiganja chako mwenyewe. Chumba cha mwisho wanalaza sanamu la mpira, zito kama mtu mzima. Mnaingia wawili wawili, mitungi ya hewa mgongoni, mnatambaa mkipapasa ukuta, mnalitafuta na kulitoa nje.

"Wa nyuma amshike wa mbele," mwalimu akawaonya. "Msiachane."

Akapangwa na nani? Na bwana mmoja wa makamo, baharia wa meli za mizigo, mnene, mpole, mzito wa kusogea. Yule dada akakunja uso. Moyoni akasema, huyu atanichelewesha.

Wakaingia. Bwana yule akamshika kifundo cha mguu, wakatambaa. Hawajafika mbali, wakasimama.

"Dada, taratibu," sauti ikatoka ndani ya barakoa. "Mkanda wa mtungi wangu unanasanasa."

"Kaka, jikaze basi! Muda unakwenda!"

Wakasogea. Wakasimama tena. Joto linampanda, pumzi zinamwenda mbio, na mawazo yote yako kule gatini, kwenye boti nyeupe. Na huu mkono mguuni, mbona mzito hivi? Akauvuta mguu wake kwa nguvu. Mkono ukaachia.

Jamani, alivyojisikia mwepesi! Akapita chumba cha pili kama samaki. Akafika cha mwisho, akapapasa, akagusa bega la mpira. Akalikumbatia, akaliburuta, kona hii, kona ile, mlango, mwanga! Wanafunzi wenzake wakapiga makofi. Akavua barakoa, jasho linamtiririka, akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike chuoni.

"Mwalimu, nimewahi?"

Mwalimu hakuwa akitazama saa. Alikuwa akitazama mlango.

"Umewahi. Mwenzako yuko wapi?"

Makofi yakakatika. Dada yule akageuka arudi ndani, mwalimu akamzuia. Wakaingia waokoaji wa chuo, naye akabaki amesimama, sanamu liko miguuni pake, hajui mikono yake aiweke wapi.

Wakamtoa yule bwana, mzima, anakohoa. Mkanda ulikuwa umenasa kwenye bomba. Hakugombeza, hakulaumu. Alimtazama tu akamwambia, "Nilitulia palepale, dada. Nilipoona umeondoka, nikajua umekwenda kuniletea msaada."

Cheti hakupata. Mwalimu alimwambia, "Umeokoa mpira, mtu ukamwacha. Siwezi kukukabidhi boti yenye watu." Na mwenye boti akamchukua mwingine.

Mnamhurumia? Mimi namhurumia. Lakini sisi je? Haraka yetu sisi ni ya kwenda wapi? Kuna mama hapa hajawahi kukosa mazoezi ya kwaya, na nyumbani mkwewe mgonjwa anashinda hajageuzwa kitandani. Kuna baba anatajwa kwenye kila harambee, na mkewe ana mwaka hajaulizwa, "Unaendeleaje?" Tunatoka kwenye moshi tumekumbatia mpira, watu wanatupigia makofi, na sisi tunacheka. Unadhani siku tutakaposimama mbele za Mungu tutaulizwa kama tuliwahi?

Simameni. Kabla ya kuimba, kila mmoja amtaje moyoni mwake mtu ambaye yeye aliuvuta mguu akamwacha kwenye moshi. Yuko palepale ulipomwacha. Na pengine mpaka asubuhi hii anaamini umekwenda kumletea msaada.