Sikio Lilivyopoteza Kifuniko Chake

Sogeeni. Wanaopukuchua mahindi wapukuchue, ila midomo itulie. Mkianza kunikatiza naingia zangu ndani, na kisa mtakimalizia wenyewe.

Enzi hizo, huku huku milimani kwetu, sikio la mtu lilikuwa na kifuniko laini cha ngozi, kama kope la jicho. Ukitaka kusikia unafumbua, ukichoka unafumba. Na watu walichoka haraka, nawaambia. Mwanzoni walifumba asubuhi tu, wanawake walipotwanga mtama pamoja, maana vishindo vya michi vilipasua kichwa. Kisha wakaona raha. Mtoto analia, wanafumba. Jirani ana shida yake, wanafumba huku wanatikisa kichwa kama wanaosikiliza. Ungeweza kumsimulia mtu msiba wako wote, asiambulie hata neno moja.

Palikuwa na mama aitwaye Nanzia, mwenye binti mmoja tu, Nakiete. Aliishi na mama mkwe wake, Naetwe, bibi mwenye maneno, Mungu amrehemu. Tangu anaamka anasema: uji mzito, kuku hawajafunguliwa, nani kapita njiani na kabeba nini. Huyo masikio yake hayakufumbwa hata siku moja, kwa sababu hakutaka umbeya wowote umpite. Nanzia hakumchukia. Alimfumbia masikio tu, tangu jua linachomoza.

Sasa, mashamba yetu yalinyweshwa kwa ndiva, yaani bwawa dogo la udongo kule juu. Maji yanakusanyika usiku, asubuhi mlinzi anavuta gogo lililoziba tundu, nayo yanashuka mferejini. Desturi ilikuwa apige ukelele kwanza, ili aliyemo mferejini atoke. Mlinzi wa siku hizo, Senkondo, alikuwa amechoka kuwapigia kelele watu waliofumba masikio. Asubuhi moja aliona ni kazi bure. Akavuta gogo bila kuita.

Nakiete alikuwa mferejini anafinyanga vyungu vya tope. Maji yakamkumba, yakamsukuma mpaka mguu wake ukanasa kati ya mawe mawili, na yakazidi kupanda. Akashika mzizi, akamwita mama yake.

Nanzia alikuwa ng'ambo ya shamba, anatwanga na wenzake. Aliinua macho akamwona mwanawe kwa mbali, mkono juu, mdomo wazi. Akadhani anamwimbia. Akatabasamu, akampungia mkono, akainua mchi tena.

Hapo huniuma kila ninapofika, na nimefika mara nyingi.

Naetwe, aliyekuwa kando anapepeta, ndiye aliyesikia. "Nanzia, mtoto! Mtoto anakwenda na maji!" Nanzia aliona midomo ya mkwe wake inacheza, akafikiri ni yale yale ya uji, akampa mgongo. Bibi hakubishana. Alitupa ungo, akakimbia na magoti yake mabovu, akaingia mferejini na nguo zake, akakiinua kichwa cha mjukuu wake juu ya maji. Watu walipoona Naetwe anakimbia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, ndipo walipofumbua masikio na kumfuata. Senkondo, kule juu, alipoona watu wanakimbilia mferejini akarudisha gogo mbio mbio.

Mtoto alipona, ila sauti ilikuwa imekatika kwa kuita. Wakiwa jikoni wanaota moto, mama yake akamkumbatia, akamuuliza, "Mbona hukuniita, mwanangu?"

"Nilikuita, mama," Nakiete akanong'ona. "Ukanipungia mkono."

Nanzia alilia sana. Hakuna aliyemnyamazisha. Naetwe akasogeza kuni motoni.

Hakufumba tena. Sauti ya binti yake ilibaki ndogo, kwa hiyo alitwanga masikio yakiwa wazi, akisimamisha mchi kila mara asikie kama kuna anayemwita. Majirani waliona aibu, wakaacha nao. Senkondo akaapa kwamba hatavuta gogo mpaka aitikiwe kutoka chini. Vile vifuniko, kwa kukosa kazi, vikakauka, vikasinyaa, na watoto waliozaliwa baadaye hawakuja navyo.

Na tangu siku hiyo, ndiva ya kwetu haifunguliwi mpaka mtu wa chini aitikie. Macho tunafumba, mdomo tunafunga, lakini sikio hukaa wazi hata tukiwa usingizini. Kile kinofu kigumu mbele ya tundu la sikio, kiguseni, ndicho kilichosalia cha kifuniko. Bado unaweza kukibonyeza kwa kidole ukaziba. Ila itakubidi uinue mkono, na yule anayekuita atakuona.