Nadhiri ya Lubaba

Wamesimulia waliotutangulia kwamba karibu na mji wa Wasit aliishi mwanamke mcha Mungu aitwaye Lubaba. Alikwisha kuzika watoto wawili wachanga. Alipopata mimba nyingine aliweka nadhiri: mtoto huyu akizaliwa hai, atafunga kila siku mpaka atakapomwachisha ziwa.

Akazaliwa Usayd, mzima. Arubaini ilipokwisha, Lubaba akaanza kufunga. Jioni alifuturu tende na maji tu, chakula kingine akiwagawia masikini, kwani aliona kushiba ni kupunguza shukrani. Mumewe alikuwa mbali na msafara, hakuyajua hayo.

Haukupita muda, hofu ikamwingia. Usingizi ukampaa. Kisha kila alipomtazama mtoto, wazo lilimjia bila kuitwa: kisu kile, na shingo ile. Akasoma Ayatul Kursiy. Wazo likarudi. Akadhani ibada yake ina upungufu, akazidi kusali na kuzidi kujinyima.

Tangu hapo kila asubuhi alipeleka kisu chake kwa jirani yake Bi Atika, mkunga mzee, na jioni akakirudia ili apike chakula cha masikini.

"Niwekee, mama."

"Kisu gani hiki kila siku kinatembelea watu?" Bi Atika alicheka. "Mwenye nyumba amekifukuza?"

Lubaba hakucheka.

Siku moja alimkabidhi kisu, kisha akamkabidhi na mtoto.

"Mchukue na huyu, mama. Nakuomba."

"Una nini, mwanangu?"

Lubaba akapima moyoni. Akisema, huenda wakasema ana pepo, wakamnyang'anya mtoto. Asiposema, aliogopa hata kulimaliza wazo hilo. Akajifunika uso kwa ushungi.

"Najiogopa," akasema. "Naogopa mikono yangu isije ikamdhuru." Akaeleza yote.

Bi Atika hakupiga kelele. Aliuliza, "Lini mara ya mwisho ulikula ukashiba?"

"Nimeweka nadhiri. Nikiivunja, Mola atamchukua kama alivyowachukua wenzake."

"Mola huyo huyo amemruhusu mama anyonyeshaye kula hata katika Ramadhani, akihofia nafsi yake au mtoto wake. Faradhi imelegezwa, nadhiri yako wewe ndiyo iwe ngumu kuliko faradhi? Nadhiri ina kafara. Tutalisha masikini, nitapika mimi. Nawe hutarudi kwako peke yako."

Akampikia uji wa shayiri kwa maziwa na asali. Ilikuwa mchana. Lubaba alitia uji kinywani, lakini hakuumeza. Macho yake yalikuwa kifuani mwa mtoto aliyelala. Aliamini kwamba akimeza tu, kifua kile kitasimama.

"Meza, mwanangu."

Akasema Bismillahi, akameza. Kifua cha mtoto kikashuka. Lubaba akazuia pumzi. Kikapanda tena.

Hofu haikuondoka siku ile. Bi Atika alikaa naye, akamlisha dengu, mayai na samaki, akamshikia mtoto ili alale. Hofu ikapungua taratibu, mpaka akaweza kumwogesha mwanawe peke yake.

Ndugu zangu waumini, akili imewekwa ndani ya mwili, na mwili ukinyimwa haki yake, akili hutikisika, hata iwe ya mcha Mungu. Si kila wazo baya ni upungufu wa imani. Lubaba aliokoka kwa kusema kweli. Mola amjaalie kila mama mwenye hofu mtu wa kumwambia, na mtu huyo, kabla hajamhukumu, amuulize kwanza kama amekula.