Darubini ya Mwalimu Mshai

Sogeeni karibu, nisije nikapaza sauti. Nina habari ya watu watatu na kitu kimoja kisichogawanyika. Mwenye jibu alishike mpaka nimalize.

Katika milima ya Taita waliishi Kiwinda, Wawuda na Mwaluma. Kiwinda alikuwa fundi wa saa. Vidole vyake vilishika skrubu ndogo kuliko punje ya wimbi. Wawuda alikuwa mwanamke mshonaji mwenye jicho la kupima: akikutazama bega mara moja, alijua kitambaa kitakachokutosha. Mwaluma alichonga mawe machimboni, na ukungu wa milima ile aliujua kama wewe unavyolijua jiko lako.

Wote watatu walisomeshwa jiografia na Mwalimu Mshai. Sasa alikuwa amestaafu, na presha ya macho ilikuwa imemnyang'anya jicho moja. Jicho la pili lilibaki na tundu dogo la kuonea, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Daktari alimwambia hata hilo litafunga kabla mwaka mwingine haujaisha.

Siku moja akasikia redioni kwamba Mshtarii na Zohali, zile sayari mbili kubwa, zitakaribiana kuliko alivyowahi kuziona maishani mwake. Akawaita wanafunzi wake wa zamani.

"Miaka thelathini nimechora pete za Zohali ubaoni," aliwaambia, "na sijawahi kuziona. Nionyesheni, wanangu. Atakayenionyesha atachukua darubini ya marehemu mume wangu, aliyofariki kabla hatujaitumia."

Darubini hiyo ilikuwa imelala sandukuni miaka kumi na sita. Kiwinda alipoifungua alikuta kioo chake kikubwa kimeota kuvu, na lenzi ya kuchungulia haipo kabisa. Kioo alikisafisha wiki nzima kwa pamba na subira. Lenzi hakuipata popote. Mwishowe alichukua ile lenzi anayoibana jichoni akitengeneza saa, ya pekee aliyokuwa nayo, akaigandisha kwa gundi.

"Ikishakauka haitoki bila kuvunja kitu," alimwambia mkewe.

"Na saa za watu utazitengeneza kwa nini?"

Kiwinda akaendelea kuibana lenzi mpaka gundi ikashika.

Wawuda naye alikuwa na hesabu yake. Watu wa kijijini walikuwa wakisema sayari zile zitaonekana mashariki alfajiri, na wengi walishaamka bure wakarudi kulala wakinung'unika. Lakini Wawuda, kwa miezi miwili, kila jioni alinyoosha mkono kuelekea magharibi na kuhesabu vidole vinavyoingia kati ya zile sayari mbili. Vilikuwa vinne, vikawa viwili, kikawa kimoja. Aliandika kwenye karatasi za kukatia nguo.

"Ni Jumatatu, saa moja na robo jioni," alisema. "Magharibi, kushoto kwa Kilimanjaro. Jumanne zitaanza kuachana."

Jumatatu hiyo hiyo wageni wa mahari walikuwa wanakuja kwa dada yake, na Wawuda ndiye aliyetarajiwa kuwapokea. Hakwenda. Mpaka leo dada yake hamsemeshi.

Siku ilipofika, ukungu ulikifunika kijiji tangu adhuhuri. Majirani wakamwambia Mwalimu aende akapumzike. Mwaluma alisimama mlangoni, akautazama ukungu unavyotambaa.

"Huu ni wa chini," alisema. "Kileleni kuko wazi, ila si kwa muda mrefu. Mwalimu, panda mgongoni."

Akambeba saa nzima na nusu kwenye njia ya mawe yenye utelezi. Alianguka mara mbili, na mara zote mbili alitanguliza magoti yake ili mama yule asiumie. Kiwinda alibeba darubini, Wawuda akamulika njia.

Juu, mbingu ilikuwa safi. Wawuda akaonyesha, Kiwinda akalenga. Miguu ya Mwalimu ilikuwa ikitetemeka, basi Mwaluma akapiga goti nyuma yake, akamfanyia kiti kwa paja lake. Mwalimu akaweka jicho.

"Mwalimu, unaona?" Kiwinda aliuliza.

"Ziko zote mbili ndani ya kioo kimoja," alinong'ona. "Na pete ipo, jamani! Kumbe nilikuwa naichora kubwa mno."

Alitazama mpaka machozi yakamziba. Kisha Kiwinda naye akachungulia, akafuata Wawuda. Mwaluma akamketisha Mwalimu juu ya jiwe, akajifuta mikono, akainama achungulie. Ukungu ukapanda, ukafunga. Walingoja mpaka baridi ikawafukuza.

Kesho yake walikutana sebuleni kwa Mwalimu.

"Achukue Kiwinda," alisema Mwalimu. "Bila yeye ningetazama kuvu."

"Bila mimi ungetazama mashariki," alisema Wawuda.

"Kweli. Basi achukue Wawuda."

Kiwinda akasimama. "Sawa. Ila niruhusuni nitoe lenzi yangu, nina watoto wa kulisha."

Lakini lenzi ikitoka, darubini inabaki bomba tupu.

Mwaluma, ambaye si msemaji, akasema, "Nyinyi mmeona. Mimi niliona mgongo wa Mwalimu."

Wakawaza kuitumia kwa zamu, haikuwezekana. Kiwinda anaihitaji lenzi kila siku ya kazi, na Wawuda alikuwa anahamia Mombasa kwa mumewe. Kuiuza hakuna aliyethubutu kutamka mbele ya mjane.

Mwalimu akashika kichwa. "Nimesahihisha mitihani miaka thelathini, wanangu. Leo sijui pa kuweka alama."

Jicho lake lilifunga mwezi wa saba. Darubini iko mezani kwake, haijaguswa. Wawuda aliahirisha safari yake mara mbili, kisha akaenda bila kuaga wenzake. Kiwinda na Mwaluma huja kumjulia hali Mwalimu, kila mmoja kwa siku yake.

Mwalimu humuuliza kila mgeni anayeingia. Juzi aliniuliza mimi. Nikafungua mdomo kumtaja mmoja, nikamkumbuka mwingine, nikaomba maji ya kunywa.

Sasa nawauliza nyinyi mliokaa hapa. Mmoja alitoa kazi yake, mmoja akampoteza dada, mmoja hakuona kitu. Mngempa nani? Na hao wawili wengine, mngewaambia nini usoni?