Kisima Kilichomtoka Bi Rumaisa

Ndugu zangu waumini, kisa hiki nimekipokea kwa mdomo wa marehemu baba, na mimi nikishasikia jambo mara moja halinitoki, mji mzima unalijua hilo. Wanasimulia waliotutangulia kwamba hapo kale, katika jangwa la kwenda Makka, aliishi mama mchamungu, Bi Rumaisa, Mola amrehemu. Watu wake walikuwa wa mahema, hawaandiki, elimu yao yote iko vifuani. Yeye alihifadhi visima vya njia ile, mia tatu na kitu, na kila kimoja alikitaja pamoja na aliyemfundisha. Na desturi yao ilikuwa ngumu: kiongozi wa msafara akisahau kisima kimoja tu, anashuka ngamia wa mbele na haongozi tena mpaka kufa.

Mwaka mmoja aliongoza mahujaji elfu kumi, kama si zaidi. Wa mbele wanaswali adhuhuri, wa nyuma hata hawajafunga mizigo! Alikuwamo Sheikh Dhakwani, mwanazuoni wa mji wa vitabu. Kwao, jambo lisiloandikwa ni porojo. Alibeba kitabu cha njia, alichokinakili kwa mkono wake kutoka kitabu cha mwalimu wake.

Siku ya tisa wakafika njia panda, viriba vina maji ya siku mbili tu. Bi Rumaisa akaanza kuvisoma visima vyake. Akasita. Akarudia tangu mwanzo, akasita palepale.

"Mama, kulikoni?" akauliza hujaji mmoja.

Angetaja upande wowote, nani angemjua? Lakini alishuka kwenye ngamia, akakaa mchangani.

"Kisima cha mbele kimenitoka. Sijui ni kulia au kushoto. Namwogopa Mola, nisije nikawaua kwa kuona haya."

Watu wakaangua kilio. Sheikh Dhakwani akacheka.

"Si niliwaambia? Kichwa cha bibi kizee ni kiriba kilichotoboka! Karatasi haisahau. Kitabu changu kinasema kushoto, nusu siku, maji matamu."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Rumaisa, bila kinyongo. "Nawe, sheikh wangu, umelipokea kwa nani?"

Kwa watu wa mahema hilo ni swali la kawaida kabisa. Lakini sheikh akakifunga kitabu chake. Maana kitabu cha mwalimu wake kililiwa na mchwa mahali hapohapo. Na desturi ya waandishi wa mji wake ni kwamba ukikuta tundu, unaacha nafasi nyeupe. Yeye aliona haya kitabu chake kizuri kiwe na pengo, akajaza "kushoto" kutoka kichwani mwake.

"Sheikh, umelipokea kwa nani?"

Akamtazama yule mama aliyejishusha mbele ya watu elfu kumi. Machozi yakamtoka.

"Kwangu mwenyewe. Mchwa walikula, mimi nikajaza."

"Ah! Kumbe kilichotoboka ni wewe!" akadakia yule hujaji.

"Muacheni," akasema Bi Rumaisa. "Amesema kweli, na ametuokoa. Sote hatujui. Kisima cha nyuma tunakijua. Turudini."

Wakarudi siku moja na nusu, ndimi zimekauka kama ngozi ya ngoma. Kisimani wakamkuta Bi Safura, mwanamke wa mahema, ananywesha mbuzi. Wakamuuliza.

"Ni kulia," akasema. "Kushoto ni mchanga mtupu, siku nne. Nimelipokea kwa Bi Rumaisa, huyo hapo, alinifundisha nikiwa mwari."

Safura akapanda ngamia wa mbele. Bi Rumaisa akaenda Makka kwa miguu, katikati ya mahujaji, na hakusikika akilalamika. Sheikh Dhakwani akalikwangua lile neno, akaandika pembeni: "Hapa nilikuwa sijui. Nimelipokea kwa Safura, naye kwa Rumaisa."

Ndugu zangu, kifua kinasahau na karatasi inaliwa. Kinachoilinda elimu ni mtu kuthubutu kusema "sijui" mbele ya wanaomsikiliza. Mimi mwenyewe, pamoja na sifa zangu zote mnazozijua, neno hilo bado linanishinda. Niombeeni.