Nyumba Moja Bondeni kwa Vyura

Hapo zamani, viumbe wengi walipokuwa wakitoweka, nchi moja iliandaa mpango wa kuwanusuru. Katika bonde moja la milimani waliishi vyura wadogo wa manjano, wasiopatikana kwingine kokote ila kwenye manyunyu ya maporomoko ya hapo. Mpango ukasema: bonde liachwe, watu wahamie tambarare.

Aliyelitetea bonde mjini alikuwa Senkoro, mzaliwa wa hapohapo. Wenzake wa huko mjini walitaka maji ya maporomoko yale yazungushe mitambo ya umeme. Akabishana nao mpaka bonde likaingizwa kwenye mpango. Aliporudi nyumbani, hakuna aliyeitikia salamu yake.

Watu wakakataa kuhama. Mchome, kiongozi wao, akabomoa nyumba yake mwenyewe mbele yao. Ndipo wakafunga mizigo, naye akatangulia.

Mkewe, Namkunda, akabaki bondeni katika kibanda. Vyura walikuwa wanaugua, na yeye ndiye aliyefundishwa kuwatunza.

"Nitakufuata wakipona," alimwambia mumewe.

Hawakupona upesi. Akawalea ndani ya matangi, akiwanyunyizia maji asubuhi na jioni. Alipika chakula cha mtu mmoja. Sauti yake aliisikia alipokohoa tu. Mchome akaacha kuja, kwani aliowahamisha walimnunia kila alipoishika njia ya mlimani. Mwana wao, Elineema, akaoa huko tambarare. Mama yake hakuwepo.

Siku vyura walipolia tena maporomokoni, Namkunda aliketi juu ya jiwe, akakosa wa kumwambia.

Nchi ikafurahi. Ikaamua ijengwe nyumba moja bondeni, akae mtu mmoja maisha yake yote; watu wakizidi mmoja, vyura watadhurika. Senkoro, Mchome na Namkunda wakaitwa.

Senkoro akasema, "Bila mimi bonde lisingekuwepo. Na huko nje hakuna anayenikaribisha."

Mchome akasema, "Bila mimi watu wasingehama. Nilibomoa kwangu. Nirudishiwe kwangu."

Namkunda alimtazama mumewe, aliyejaa mvi kichwa kizima. "Bila mimi vyura wasingekuwepo. Nimeshasahau kuishi na watu, Baba Elineema. Nikitoka hapa niende wapi?"

"Uje tambarare, kwetu."

"Na wewe ukipewa nyumba hii, huko tambarare nitamkuta nani?"



Basi nyumba ni hiyo moja, na mlango wake ungali wazi. Enyi mliosikia, semeni: kati ya hao, nani alistahili kuingia?