Soko Alilotafutiwa Bi Farasi

Sogeeni jamani, niwape kisa cha mwaka ule jua lilipochoma hata mawe. Simba, mfalme wa nyika, alisimamisha gwaride lake. "Nilishe wachezaji, nami koo limekauka?" akanguruma. "Asiye na kazi hana nyasi!"

Bi Farasi akatoka kutafuta kazi. Ukoo wake haukujua kazi ila kupita mbele ya mfalme kwa madaha, na nyumbani mwanawe alibaki mifupa mitupu. Alibisha hodi kila mahali. Tembo akamcheka, "Kwa maringo hayo utalima nini, mama?"

Ndipo akaja Fisi, mate yakimdondoka.

"Shemeji, soko nimekupatia! Ng'ambo ya kilima wanawataka farasi wote. Wanono watangulie."

"Tukafanye kazi gani?"

"Ah, nyinyi fikeni tu! Mengine wanajua wenyewe."

Farasi, maskini, alitaka kuondoka papo hapo. Lakini Sungura alikuwa karibu, na masikio yale hayapitwi na neno.

"Dalali mkubwa haendi kwa miguu," akasema. "Panda, Bwana Fisi, upakate na mtungi wangu wa maji ya safari." Kisha akamnong'oneza Farasi, "Pitia kwa mfalme. Tuone kama huyu ataweza kukalia nyama asiionje."

Fisi akapanda, kidevu juu. Farasi akaenda mwendo wake wa gwaride, taratibu, mpaka uwanjani kwa Simba.

"Mtungi huo umetoka wapi?" Simba akauliza.

"Kwa Sungura, kule bondeni," akajibu Farasi.

"Na bado umejaa pomoni? Punda hunifikishia nusu, nusu amemwagia njia!" Simba akaupokea, akaunywa wote, akajifuta masharubu. "Bi Farasi, kumbe madaha yako yana kazi! Kuanzia leo ukoo wako utatuletea maji kutoka mtoni."

Farasi akalia kwa furaha. Fisi akaruka palepale mgongoni kwake kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Haiwezekani! Wenzangu wameshawasha jiko!" Alipoona kitoweo kinamponyoka, akainama, akamng'ata Farasi mgongoni, kwap!

"Mama yangu!" Farasi akarusha miguu ya nyuma. Fisi huyoo hewani, akatua kwa kiuno juu ya kichuguu, akakimbia akichechemea huku nyika nzima ikimzomea.

Jioni ile mtoto wa Farasi alikula nyasi akashiba. Fisi alilala njaa, na wenzake waliowasha jiko wakamkalia kitako kudai karamu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.