Kobe Asiyeomba Bega

Paukwa!

Pakawa!

Walioitikia kwa sauti ni wale waliokuja na kuni. Wengine mnanong'ona, na sababu yake naijua. Haya, sogeeni, moto hauna ubaguzi.

Hapo zamani za kale, tena za kale kweli, palikuwa na nchi ya wanyama iliyoitwa Korongoni. Upande huu wa korongo kulikuwa na nyumba na mashamba, upande wa pili kulikuwa na kisima na nyumba chache, na katikati palikuwa na daraja la magogo matatu. Kila mavuno, kila nyumba ilitoa kibaba kimoja cha mtama ukawekwa ghalani. Mtama huo ndio uliomlisha Mzee Ngiri na wanawe walipokuwa wakibadilisha magogo yaliyooza. Huo ndio uliokuwa ushuru wao, hawakuwa na mwingine.

Mtunza ghala alikuwa Fisi. Naona mnacheka. Na wao wangecheka mapema wangeokoa mengi. Mtama ulipungua, Fisi akanenepa, na kila aliyeuliza aliambiwa ni panya.

Ndipo Kobe akajitokeza kuomba ubunge. Alipanda Jiwe la Kusemea, maana kwao ilikuwa desturi kwamba mwenye neno kwa umma lazima alipande. Kulipanda tu kulimchukua nusu ya asubuhi. Alipofika juu akasema, "Ndugu zangu, mnanyonywa. Kibaba chenu kinaishia tumboni mwa Fisi. Mimi nyumba yangu naibeba mwenyewe. Je, nimewahi kumwomba mtu bega?"

"Hujawahi," wakaitikia.

Hapo alisema kweli, na haki yake sitamnyima. Fisi alikuwa mwizi, na hakuna mwingine aliyethubutu kulitamka. Bi Digidigi, mjane mwenye mtoto mmoja, alimpigia Kobe kura kwa kwato zote nne. Alikuwa amechoka kutoa kibaba huku mtoto wake akilala na njaa.

Sasa, wewe na mimi tungemfukuza Fisi. Kobe alifunga ghala. Fisi akapewa kiinua mgongo cha magunia kumi, kibaba kikafutwa, na magunia yaliyobaki yakawekwa kando kwa ajili ya posho ya waheshimiwa, kwa sababu, Kobe alieleza, mtu hawezi kubana matumizi vizuri akiwa na njaa. Kisha akatunga sheria: asiguse mtu kitu cha umma mpaka fungu la matumizi lipitishwe na Baraza, na hoja ya fungu isomwe mara tatu, katika vikao vitatu.

Wanyama walishangilia. Mavuno mawili mfululizo walipika uji mzito, na kila aliyekunywa alimtaja Kobe kwa wema.

Kila siku ya gulio Kobe alikaa kando ya Jiwe kusikiliza shida za wapiga kura wake. Gulio moja Bi Digidigi akaja.

"Mheshimiwa, gogo moja la daraja limeoza na kuanguka. Yamebaki mawili."

"Nimekusikia, mama," Kobe akasema. "Lakini serikali nyembamba ndiyo serikali nzuri. Mimi nyumba yangu naibeba mwenyewe. Je, nimekuomba bega?"

"Hujaniomba, Mheshimiwa."

Kichwa kikaingia ndani, na shida ikawa imesikilizwa.

Gulio jingine akaja tena, safari hii macho yamemvimba kwa kulia. "Mheshimiwa, gogo la pili limekatika mwanangu akiwa juu yake. Amevunjika mguu. Limebaki moja, na mtoto mgonjwa anataka maji kila siku."

"Pole sana, mama. Nimekusikia. Lakini ukimfundisha mtoto kutegemea magogo mawili, ataweza lini kupita kwenye moja? Mimi nyumba yangu naibeba mwenyewe. Je, nimekuomba bega?"

"Hujaniomba, Mheshimiwa."

Kichwa kikaingia ndani.

Gulio la tatu akaja pamoja na Mzee Ngiri. "Mheshimiwa, mawingu yameanza kutanda milimani. Mvua ikishuka, korongo litajaa, na hilo gogo moja halitatuvusha. Huyu mzee yuko tayari kutengeneza daraja bure. Hataki hata punje."

Kobe alishtuka kuliko siku zote. "Bure? Bure ndiyo inayoharibu watu. Leo mtatengenezewa daraja, kesho mtataka mfagiliwe kisima. Na sheria mnaijua, daraja ni kitu cha umma, hakuna kuligusa bila fungu. Mimi nyumba yangu naibeba mwenyewe. Je, nimewaomba bega?"

Ngiri akafungua kinywa, lakini kichwa kilikuwa kimeshaingia ndani. Nani anaweza kubishana na gamba? Wakarudi nyumbani wakiwa na hasira, na Bi Digidigi aliendelea kuvuka juu ya gogo moja, kibuyu shingoni.

Basi uchaguzi ukakaribia. Kobe akaamua kwenda ng'ambo, kwa wapiga kura wa kisimani, kuwaeleza jinsi alivyowaokoa na ushuru. Akaingia juu ya lile gogo polepole, huku anaikariri hotuba yake. Alipofika katikati, gogo likasema kwaa, likakatika. Kobe akashuka chini ya korongo na kutua chali, miguu minne hewani.

Mnajua kobe akilala chali huwaje. Nyumba aliyojivunia ndiyo inayomkandamiza. Alitapatapa, hakugeuka. Alitapatapa tena, hakugeuka. Mara ya tatu akasikia ngurumo kutoka milimani, na mchanga chini ya gamba lake ukaanza kuloa.

"Jamani," akaita.

Wanyama wakakusanyika ukingoni. Ngiri akatanguliza mguu ateremke, lakini Nyani, karani wa Baraza, akamshika mkia. Nyani hakuwa mbaya. Alikuwa tu anaijua sheria kwa moyo, na ugonjwa huo hauna dawa.

"Ngoja, mzee. Mheshimiwa ni wa nani?"

"Ni wetu sote," Ngiri akasema. "Si tulimchagua?"

"Basi ni kitu cha umma. Hakuna kumgusa bila fungu."

Wakatazamana. Toka chini Kobe akaita, "Nyani, ndugu yangu, acha utani. Maji yanakuja."

"Si utani, Mheshimiwa. Ni Sheria yako. Hoja isomwe mara tatu, na mwenye shida aje mwenyewe kuileta juu ya Jiwe. Unaweza kufika kesho asubuhi?"

Mmoja akasema fungu litatoka wapi ilhali ghala limefungwa. Mwingine akasema iundwe kamati ikaangalie kama kweli amelala chali au anapumzika. Maji yalikuwa yamefika kwenye ukingo wa gamba, yana rangi ya udongo, na yalikuwa yanaongezeka.

Bi Digidigi akateremka. Hakuna aliyemshika, maana alikuwa ameshateremka. Akasimama ndani ya maji, karibu na kile kichwa ambacho leo hakikuwa na ujanja wa kujificha.

"Mheshimiwa," akasema, "nyumba yako unaibeba mwenyewe. Je, umeniomba bega?"

Maji yakamgusa Kobe shavu.

"Naomba bega," akasema.

"Sijasikia."

"Naomba bega, mama. Naomba bega."

Nataka niwaambie ukweli. Bi Digidigi alimkumbuka mwanawe mwenye mguu uliovunjika, na kwa kitambo kidogo alitamani kupanda juu na kwenda zake. Alimchukia. Lakini hakuweza kumtazama mtu akifa maji, basi. Akainua uso akasema, "Mzee Ngiri, njoo na pembe zako. Na wewe Nyani, kama kuna faini, niandike mimi."

Ngiri akateremka. Wanawe wakateremka. Mwisho hata Nyani akateremka, akilalamika njia nzima. Pembe zikaingia chini ya gamba, mabega yakasukuma, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu Kobe akageuka akaanguka kifudifudi. Wakamburura hadi ukingoni, na nyuma yao maji yakapita yamebeba vipande vya lile gogo la mwisho.

Gulio lililofuata, Kobe akapanda Jiwe. Bi Digidigi alikuwa mbele kabisa, amemleta mwanawe anayechechemea, akingoja kusikia neno moja tu la daraja.

"Ndugu zangu," Kobe akaanza, "mmesikia kwamba nilianguka. Lakini mnaniona hapa nimesimama kwa miguu yangu. Mtu hodari akianguka, huinuka mwenyewe. Mimi nyumba yangu naibeba..."

"Mheshimiwa," Bi Digidigi akamkata, bila kupaza sauti, "samahani kwa swali. Hilo tope lililo juu ya mgongo wako lilifikaje huko?"

Watu wote wakatazama. Tope la korongo lilikuwa limemgandia gambani, limekauka na kupasukapasuka vipande vipande.

Kichwa kikaingia ndani.

Nyani, kwa kuwa kikao kilikuwa halali, akauliza nani anaunga mkono kibaba kirudi na ufunguo wa ghala usikae kwa mtu mmoja. Mikono na kwato zikainuka. Akauliza nani anapinga. Kobe hakupinga, kwa kuwa hakuna kura inayopigwa kutoka ndani ya gamba.

Daraja likajengwa, magogo matatu kama zamani. Kobe bado analipita, na hajawahi kushukuru. Mkimkuta njiani, mtazameni mgongoni. Hivyo vipande vipande mnavyoviona ni tope la siku ile, na mvua zote zilizonyesha tangu hapo hazijaliosha.

Yangu imekomea hapo. Nawe uliyekuja mikono mitupu ukakaa karibu na moto kuliko wote, jina lako silitaji. Geuka tu kidogo tukuone mgongo.